Jina la Ukoo ni Lipi? Majina ya Watu wa Dzaleka, Lilongwe na Ujerumani

Karibu kila kitabu cha kufundishia Kiswahili kwa wageni huanza na majina. Jina lako nani? Jina la baba yako nani? Jina lako la ukoo ni lipi? Mwanafunzi hujibu, mwalimu husema vizuri, na somo huendelea kwenye salamu na hesabu. Katika makala haya tunapenda kusimama kidogo kwenye swali la tatu, kwa sababu kuna mahali ambapo swali hilo halijibiki, na si kwa kuwa anayeulizwa hajui Kiswahili. Mahali hapo ni makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Huko wapo watu wengi wanaokizungumza Kiswahili tangu utotoni, na ukiwauliza jina la ukoo watakuuliza nawe: unataka lipi?

Tuchukue familia ya kubuni, iliyo sawa na nyingi tulizokutana nazo. Baba anaitwa Bizimana. Mtoto wa kwanza ni Hakizimana, wa pili Niyonzima, wa tatu Nkurunziza. Baba ni yule yule na mama ni yule yule. Kila mtoto amepewa jina lake peke yake, kama alivyopewa sura yake. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Lakini kwenye daftari la ofisi hao ni watu wanne wasiojuana.

Suala hili si la darasani tu. Mkimbizi huthibitisha undugu wake kwa karatasi. Karatasi ndiyo inayosema kwamba huyu ni mtoto wa yule, kwamba hawa wawili wasitenganishwe iwapo nchi ya tatu itakubali kuwapokea, kwamba cheti hiki cha shule ni cha mtu huyu aliyesimama hapa. Karani aliyekulia mahali ambapo baba na wanawe hubeba jina moja huyatazama majina manne akashuku. Basi mzazi huanza kutafuta cheti cha ubatizo, mashahidi, na barua ya mkuu wa kijiji ambacho pengine hakina mtu tena.

Lugha yetu yenyewe haina msimamo mmoja juu ya jambo hili. Tunalo neno ubini, ambalo limejengwa juu ya bin ya Kiarabu, yaani mwana wa. Kwa asili yake, basi, ubini si jina la ukoo hata kidogo; ni jina la baba. Mtanzania huongeza la babu akapata majina matatu ya kujazia fomu, na lile la tatu, ambalo ofisi hulichukua kuwa la ukoo, hubadilika kila kizazi. Juma Hamisi Saidi akipata mtoto, mtoto huyo ni Ali Juma Hamisi, na Saidi ametoweka. Wasomali na Waethiopia walioko Dzaleka nao hufuata mkondo huo wa jina la mtu kisha la baba. Pwani tuna pia nisba, kama Mazrui na Barwani, na huko Mombasa miongoni mwa Thenashara Taifa wapo akina al-Malindi na al-Kilindini. Hizo ndizo zilizo karibu zaidi na jina la ukoo kama Mzungu anavyolielewa, kwa kuwa hupita kutoka kwa baba hadi kwa mjukuu bila kubadilika. Lakini ni watu wangapi katika Afrika Mashariki wana nisba?

Wasomaji wengine watashangaa tukiwaleta Wajerumani hapa. Sababu moja ni ya kihistoria. Rwanda na Burundi zilikuwa pamoja na Tanganyika chini ya Ujerumani mpaka Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, na mazoea ya kumwandika mtu daftarini ili alipe kodi yalianza katika zama hizo. Kwa upande wa Tanganyika kodi ya nyumba ilianza kukusanywa mwaka 1898. Neno shule, mahali ambapo majina huitwa kila asubuhi, tumelipata kwao, na hela pia, ambayo ndiyo iliyokuwa ikidaiwa. Sababu nyingine ina uzito zaidi. Wajerumani ni mfano mzuri wa watu ambao hawakuwa na majina ya ukoo, wakayapata, na tunajua vizuri jinsi walivyoyapata.

Hadi karne ya 12 hivi, Mjerumani wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, hasa ile ya kando ya mto Rhine kama Cologne, mwandishi wa hati alijikuta na akina Johannes ishirini katika mtaa mmoja. Ikambidi awatofautishe: Johannes mwenye kinu cha nafaka, Johannes mhunzi, Johannes mtoto wa Peter, Johannes aliyetoka Bavaria, Johannes mfupi. Kutokana na vitambulisho hivyo yakatoka Müller, Schmidt, Petersen, Bayer na Klein. Müller ndilo jina linaloongoza kwa wingi nchini Ujerumani hadi leo, na Schmidt hulifuata. Mwanzoni vitambulisho hivyo havikurithiwa. Mtoto wa mhunzi aliyekuwa mshonaji aliitwa mshonaji. Ni baada ya muda mrefu ndipo mtu aliweza kuitwa Mhunzi na asijue hata kushika nyundo.

Wanaisimu wetu watapendezwa zaidi na tofauti za kimaeneo. Kazi moja ilikuwa na maneno tofauti katika lahaja tofauti, na kila neno likazaa jina lake. Mfinyanzi aliitwa Töpfer katika sehemu za kati na mashariki, Hafner kusini, na Euler katika maeneo ya Hesse. Fundi wa magari ya kukokotwa na ng'ombe au farasi alikuwa Wagner kusini na kati, Rademacher kaskazini magharibi, Stellmacher kaskazini mashariki. Hata viambishi vya udogo vina mipaka yake: -ke ya kaskazini, -le ya Waswabia, -li ya Waswisi, -l ya Wabavaria na Waaustria. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Mainz na Freiburg walichukua orodha ya simu za majumbani ya mwaka 2005, wakachora mahali kila jina lilipo, na matokeo yao yalichapishwa katika atlasi ya majuzuu kadhaa kati ya mwaka 2009 na 2018. Baada ya vita viwili vikubwa na uhamaji wote wa karne ya 20, ramani za majina bado zinafuata mipaka ya lahaja za zamani.

Jambo linalotugusa zaidi, hata hivyo, ni jinsi majina hayo yalivyogandishwa. Wafrisia, watu wa pwani ya kaskazini, waliendelea kwa karne nyingi na mpango unaofanana sana na wa Zanzibar. Jan mwana wa Peter aliitwa Jan Peters, na mwanawe Peter akawa Peter Janssen. Ilikuwa amri ya Napoleon ya mwaka 1811, alipokuwa ametwaa nchi hizo, iliyowataka kila familia ichague jina moja na kubaki nalo. Wayahudi walilazimishwa kuchukua majina ya kudumu katika himaya ya Austria mwaka 1787 na katika Prussia mwaka 1812. Kisha, tangu Januari 1876, ofisi za uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo zikafunguliwa katika Ujerumani nzima. Kabla ya hapo familia moja iliweza kuandikwa Meyer kanisani, Meier mahakamani na Maier kwenye kodi, na hakuna aliyejali. Baada ya hapo kalamu ya karani ikawa sheria. Ndiyo maana leo kuna Meyer, Meier, Maier na Mayer, na kila mmoja husisitiza herufi zake.

Kwa hiyo anayedhani kwamba Ulaya ilizaliwa na majina ya ukoo, na kwamba Mrundi amechelewa tu, anasahau kwamba Mfrisia wa mwaka 1800 angeipa kompyuta ya Lilongwe taabu ile ile.

Sasa tuingie Dzaleka. Jina lenyewe ni sentensi. Chini ya utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza, na wafungwa wa kisiasa walipelekwa huko. Ndidzaleka kwa Kichewa ni nitaacha, yaani sitarudia tena. Mnyarwanda akilisikia hulielewa nusu bila kufundishwa, kwa kuwa kwao kuacha ni kureka. Mwaka 1994 pakageuzwa makazi ya wakimbizi, na yaliyokuwa yamekusudiwa watu kama 10,000 hivi yamepita 50,000 katika miaka ya karibuni. Wengi wanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kisimani na kanisani. Hata tamasha lao la sanaa lililoanza mwaka 2014 wameliita Tumaini.

Kwa Wanyarwanda na Warundi mtoto hupewa jina katika sherehe, ambayo Rwanda huitwa kwita izina na kwa desturi hufanywa siku ya nane. Jina ni kauli kamili, lenye kitenzi na mtenda wake. Mengi yana imana, yaani Mungu, ndani yake. Habimana ni Mungu yupo, Hategekimana ni Mungu ndiye atawalaye, Bizimana ni Mungu ndiye ayajuaye, Nsengimana ni namwomba Mungu. Anayesoma sarufi ya Kibantu ataona kwamba majina haya ni mazoezi ya sintaksia yanayotembea kwa miguu.

Je, yana tofauti za kimaeneo kama ya Wajerumani? Yanazo, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuzisoma kuliko karani yeyote. Chukua jina Habyarimana, Mungu ndiye azaaye, ambalo ulimwengu ulilijua kwa sababu ya rais wa Rwanda aliyeuawa tarehe 6 Aprili 1994 ndege yake ilipotunguliwa Kigali, akiwa pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi. Nchini Burundi jina hilo hilo ni Havyarimana. Penye by kwa Mnyarwanda pana vy kwa Mrundi: ibyo na ivyo, kubyara na kuvyara. Sasa mwite mtu wa Mombasa au Lamu. Yeye hasemi kuzaa bali kuvyaa, na mzazi kwake ni mvyazi. Na hata Kiswahili sanifu, ambacho kimechukua kuzaa, kimelihifadhi neno mavyaa kwa mama mkwe. Mchewa wa Lilongwe husema kubala, nasi tunamwachia mwanafunzi aliweke jirani na hayo matatu alitazame. Tumejaribu somo hili na wanafunzi wa mwaka wa pili, na kwa dakika kumi za majina walifahamu mabadiliko ya sauti waliyokuwa wakiyakwepa muhula mzima.

Jozi nyingine ni Ntakirutimana wa Rwanda na Ntakarutimana wa Burundi, yote yakimaanisha kwamba hakuna kinachompita Mungu. Nyingine ni Nshimiyimana na Nshimirimana, namshukuru Mungu, la kwanza likielekea Rwanda na la pili Burundi. Herufi moja tu ndiyo inayoyatenganisha.

Herufi hiyo moja si mchezo penye dirisha la ofisi. Mtu anayejitambulisha kuwa Mnyarwanda na jina lake lina vy huweza kuulizwa maswali ambayo mwenzake mwenye by haulizwi. Hapa tunapenda kuwa wazi. Jina huonyesha lugha ya aliyelitoa, halionyeshi uraia wa aliyelipewa. Wanyarwanda walikimbilia Burundi tangu mwaka 1959, Warundi walikimbilia Rwanda na Tanzania mwaka 1972, watu wakaoana, watoto wakazaliwa kwenye makazi ya ugenini na kupewa majina na bibi wa upande wa pili. Mwanaisimu anayeulizwa kama jina fulani ni la Burundi au la Rwanda na ajibu kuhusu sauti, kisha anyamaze. Hukumu ya mtu isisimame juu ya konsonanti.

Kuna mtego mwingine katika majina ya wanawake wa Rwanda. Mengi huanza na Muka-, ambayo kwa asili ni mke wa, au Nyira-: Mukamana, Mukagasana, Nyirahabimana. Msichana wa miaka sita huweza kuitwa Mukahabimana, wala hana mume anayeitwa Habimana. Ni kiambishi tu kinachoonyesha kwamba mwenye jina ni wa kike. Wajerumani nao, hadi karne ya 18, walimwongezea mwanamke -in mwishoni mwa jina, hata mwandishi mashuhuri Luise Gottsched akaitwa die Gottschedin. Tofauti ni kwamba hiyo -in iliondoka, na Muka- ipo bado.

Warundi wana pia majina ya hesabu, ambayo hatuna budi kuyasifu kwa manufaa yake darasani. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Pacha ni Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo. Anayefundisha namba nane na kumi kwa Warundi wanaoanza Kiswahili ana wasaidizi wawili waliokaa kwenye madawati.

Mfano ulio mzuri kuliko yote, kwa maoni yetu, unatoka kaskazini zaidi, kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda, chini ya mlima Rwenzori. Ni watu wamoja waliokatwa na mpaka ambao Wabelgiji na Waingereza walikubaliana mwanzoni mwa karne ya 20. Kwao jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza kwa Wanande huwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Vuka mpaka uingie Kasese. Paluku amekuwa Baluku, Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, na Katembo ni Thembo. Msichana Kavugho amekuwa Kabugho. Anayejua ngeli ataiona ka- ikidondoka au kubadilishwa mara nyingi. Hii ni ramani kama ile ya Wagner na Rademacher, ila mpaka wake unaweza kuuvuka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

Sasa fikiria Kambale amefika Malawi. Ofisini ataulizwa jina la ukoo na atasema Kambale, kwa sababu ndilo jina la nyumbani kwao, na lile lingine ni la ubatizo. Atakayemfuata kwenye foleni, asiye na undugu naye wowote, pia ni Kambale. Na kaka yake aliyezaliwa tumbo moja naye ni Paluku. Kwa hiyo ofisi itawaona wasiohusiana kuwa ndugu, na ndugu kuwa wasiohusiana. Tumewauliza wenyewe kama jambo hilo linawasumbua, na mmoja alicheka akasema kwamba yeye akisikia Kambale anajua mtu huyo ni wa pili. Mnaotaka kujua ya ukoo, ulizeni ukoo. Jibu hilo lina akili. Jina kwao hujibu swali la nafasi ya mtu katika nyumba, na ukoo hujulikana kwa njia nyingine.

Kwa Wakongomani kwa jumla kuna historia nyingine ambayo ni ya kisiasa waziwazi. Mwezi Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Raia wote waliamriwa kuacha majina ya Kizungu, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyepinga, alilazimika kukaa uhamishoni Roma kwa muda. Pengo lililoachwa na jina la ubatizo lilijazwa na jina la pili la Kiafrika, likaja kuitwa kwa Kifaransa postnom, yaani jina la baada ya jina. Baada ya Mobutu majina ya Kikristo yalirudi, lakini postnom halikuondoka. Mkongomani wa leo hujaza sehemu tatu: nom, postnom na prénom. Ilunga Kasongo Pierre, tuseme. Ilunga si lazima liwe la baba yake, na Kasongo huenda ni la babu, la shangazi, au la rafiki aliyemsaidia mama siku ya kujifungua.

Fomu za Malawi, kwa kufuata desturi ya Kiingereza, zina nafasi mbili. Postnom linakwenda wapi? Mara hutupwa, mara huunganishwa na la kwanza kama neno moja, mara huhesabiwa kuwa la ukoo. Tumeona hati tatu za mtu mmoja ambamo postnom lilikuwa limekaa mahali patatu. Hakukuwa na udanganyifu wowote.

Jambo moja la kufurahisha ni Kiswahili chenyewe katika majina ya Kivu. Bahati, Furaha, Riziki, Amani, Mapendo, Zawadi, Faida: haya ni majina ya watu, na huweza kukaa kwenye nafasi ya postnom bila tatizo. Inaelekea kwamba amri ya Mobutu iliyapa nguvu, kwa kuwa neno la Kiswahili halikuhesabiwa kuwa la kigeni. Mtu wa Tanga atatabasamu akisikia mwanamume mzima anaitwa Furaha, lakini naye anao akina Shida, Mashaka, Sikudhani na Chausiku kwao. Malawi nao wana Mavuto na Masautso, taabu na mateso, na wanayachukua kwa uchangamfu kabisa.

Tukija Lilongwe mjini, hali ni kinyume. Hapa jina la ukoo lipo, na wakati mwingine lipo kupita kiasi. Fungua daftari la shule yoyote utakuta akina Banda na Phiri wamepanga mstari. Masimulizi ya Wachewa yanasema kwamba katika safari yao ya kuhama, waliopanda mlima waliitwa Phiri, kwa kuwa phiri ni mlima, na waliobaki uwandani wakawa Banda. Majina hayo yamevuka hadi Mkoa wa Mashariki wa Zambia, na nchi zote mbili zimekuwa na rais Banda bila ya kuwa na undugu: Kamuzu na Joyce kwa Malawi, Rupiah kwa Zambia. Jere huelekeza kwa Wangoni na ukoo wa Zwangendaba. Gondwe na Nyirenda huelekeza kaskazini, kwa Watumbuka. Wachewa kwa desturi huhesabu nasaba upande wa mama, lakini kwenye kitambulisho mara nyingi linakaa jina la baba, jambo ambalo lingefaa makala yake yenyewe. (Na msomaji asidanganyike na mfanano. Kyungu ni cheo cha mtawala wa Wangonde huko Karonga, na Kyungu ni jina la watu Katanga. Mkimbizi wa Katanga anayepitia Karonga huweza kupewa heshima asiyoitarajia.)

Basi karani anayeitwa Banda, anayejua akina Banda mia moja ambao si ndugu zake, ndiye anayeamua kwamba Hakizimana na Niyonzima si ndugu kwa kuwa majina yao hayafanani. Tunalisema hili bila kumlaumu. Fomu ndiyo iliyomfunza hivyo.

Imebaki tahajia. Wabelgiji waliandika Tsh ambapo Waingereza na sisi tunaandika ch, na dj ambapo tunaandika j. Tshibangu akilitamka jina lake dirishani, anayemsikiliza kwa masikio ya Kichewa huandika Chibangu. Mwamba huwa Muamba. Kichewa nacho kina kanuni yake ya tahajia, kwamba r huandikwa baada ya i na e na kwingineko l, na kwa hiyo r za Kinyarwanda hugeuzwa l bila mtu kukusudia. Rwanda yenyewe, tuongeze, iliwahi kuandika Habyalimana katika hati za zamani. Kwa mwanaisimu hizi ni alofoni na mazoea ya tahajia tu. Kwa mashine inayotafuta jina herufi kwa herufi, Tshibangu na Chibangu ni watu wawili, na mmoja wao hana cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipowataka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, watoto waliokuwa wakisoma Lilongwe walihitaji kuandikishwa upya, na kila uandikishaji ni nafasi mpya ya kalamu kuteleza. Meyer na Maier wana jamaa zao.

Wapo wenzetu wanaoshauri kwamba wazazi wa Dzaleka wawape watoto wote jina la baba ili mambo yaishe. Wengine wameshaanza, hasa kwa watoto waliozaliwa Malawi, na hatuna haki ya kuwakataza. Ndivyo Wafrisia walivyofanya, na ndivyo mtu anavyofanya anapotaka mwanawe apite. Lakini mwalimu asiwe mshauri wa jambo hilo. Mama aliyemwita mtoto Nshimirimana baada ya safari ya miezi ameandika humo habari ambayo haimo kwenye faili lolote. Likiwekwa la baba mahali pake, familia imepata usalama na imelipa gharama, na ni vyema kwanza gharama hiyo ijulikane.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni ndogo zaidi, na inawezekana kesho asubuhi. Asisahihishe tahajia ya jina la mwanafunzi, hata kama Tshi inamuuma macho. Alinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye hati ya zamani kuliko zote aliyonayo mwanafunzi, na tofauti zikijitokeza aandike zote mbili zikiwa na alama ya mkwaju katikati. Asipange daftari kwa jina la ukoo; alipange kwa namba ya kuandikishwa. Na katika lile somo la kwanza, badala ya kuuliza jina lako la ukoo ni lipi, aulize: jina hili ulipewa na nani, na lina maana gani? Maneno yanayohitajika ni yale yale, yaani jina, baba, mama, bibi, kupewa, siku, na kauli ya kutendwa inaingia yenyewe. Katika darasa moja la watu wazima swali hilo lilichukua saa nzima na nusu, tukalazimika kuahirisha salamu hadi Alhamisi.